Rahisi Kuwahesabu, Vigumu Kuwakamata

Usinione nimenuna, rafiki yangu. Jana nilikuwa nimekaa uani hapa Ipagala, nyumbani kwa mjukuu wangu, nachambua majani ya mlenda. Mtoto wake alikuwa kwenye mkeka na daftari la shule. Mwalimu wake alimpa kazi ya Kiingereza: atunge sentensi kumi za mambo yaliyo rahisi kufanya na yaliyo magumu kufanya. Anatafuna kalamu, anatazama nzi. Nami mikono ikaganda juu ya ungo, maana kazi hiyohiyo niliifanya mimi, enzi za Mjerumani, kabla babu yake hajazaliwa.

Najua utauliza Kiingereza kilifikaje Ugogo wakati bendera ya bomani ilikuwa ya Mjerumani. Kililetwa na wamisheni wa Kiingereza. Walifika mapema kwenye vilima vyetu, upande wa Kibakwe, na Mjerumani alipokuja aliwaacha waendelee na kanisa lao na shule yao ya miti na udongo. Pale tulisoma kwa Kiswahili, nacho chenyewe tulikuwa tunajifunza, maana nyumbani ni Kigogo tu. Lakini mwalimu wetu, Mgogo mwenzetu, alikuwa amejifunza Kiingereza kwa wamisheni wale. Alichagua watoto sita wa kubaki baada ya wenzao kwenda kuchunga. Mimi nilikuwa msichana peke yangu, na sikuacha mtu yeyote asahau hilo.

Mwalimu alikuwa na mtindo wake. Hukuruhusiwa kuandika kwamba kitu ni kigumu mpaka ukifanye. Siku ya somo hilo alitutoa nje, mmoja akanyanyua mtungi uliojaa maji, mwingine akamenya karanga kwa mkono mmoja, mwingine akasimama juani bila kupepesa macho. Tukirudi ndani tunahema, naye anaandika kwa chaki neno la ugumu kwenye ubao wetu, mlango wa zamani uliopakwa masizi, anaacha nafasi, na kila mtu anajaza kitendo alichotoka kukitenda. Hadi leo nikisikia neno lile la Kiingereza nasikia na harufu ya masizi, na karanga mbichi mkononi.

Mimi nilikuwa nimetumwa kuwafukuza mbuzi wa bibi yangu waliovamia uwele wa kanisa. Nikatunga: mbuzi wa bibi ni rahisi kuwahesabu, ni vigumu kuwakamata. Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye chaki, uso ukabaki mweupe nusu. Akanisemesha sentensi ile mara tatu mbele ya wenzangu. Hakuna aliyewahi kunisifu hivyo, wala aliyenisifu hivyo tena.

Kisha vita vya Wazungu vikaja. Askari wa Mjerumani waliwachukua wamisheni asubuhi moja, chai yao ikabaki mezani. Siku ya pili mwalimu alituita sisi sita. Alipanga vibao vyetu vya kuandikia sakafuni, akavifuta kimoja kimoja kwa kiganja chake.

"Mjerumani anapigana na Mwingereza," alisema. "Kiingereza chenu kimezeni. Msikiseme mbele ya mtu yeyote, hata wa nyumbani. Kusema ni rahisi, wanangu. Kulirudisha neno mdomoni ndiko kugumu."

Nilielewa, nataka ujue hivyo. Watu huniambia nilikuwa mtoto, sikuelewa. Nilielewa vizuri sana.

Bibi yangu ndiye hakuelewa, kwa kuwa sikumwambia. Kwake yeye Wazungu wote walikuwa ukoo mmoja na lugha yao ilikuwa moja, Kizungu basi, kama vile sisi tulivyokuwa na Kigogo chetu. Na hakuwa peke yake. Kijijini kwetu ungemuuliza nani akutofautishie Mwingereza na Mjerumani? Kwetu aliyepanda punda na aliyepanda nyumbu walikuwa ndugu.

Askari walipokuja kukusanya nafaka na mifugo ya vita, walianzia juu ya kilima wakashuka tembe kwa tembe. Walifika kwetu jua la mchana, watatu, na mkubwa wao. Bibi alikuwa na mbuzi kumi na wawili, ndio mali yake yote baada ya babu kufa. Hakulia wala kupiga magoti. Alifanya alichojua. Aliwasalimu, "Mbukwenyi," akawatandikia ngozi, akasonga ugali wa uwele, akamimina mlenda wenye karanga, akatoa na maziwa mgando. Kwetu mgeni akishakula chunguni mwako si mgeni tena, na mwenye nyumba humwonyesha watoto wake, kila mmoja na ujuzi wake. Anayeimba aimbe, anayecheza ngoma acheze.

"Baba," bibi akamwambia mkubwa wao, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "hawa mbuzi wa huyu mtoto. Huyu mtoto wenu. Yeye anasema Kizungu, cha bwana wenu mkubwa."

"Huyu?" Askari akacheka. "Haya, sema tusikie."

Bibi akanigeukia. "Sema, mjukuu wangu. Mwamkie mgeni."

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kulia, kila mtu angeona ni haya za mtoto wa kike. Nimelala na jambo hili miaka yote na nitakwambia kilichonisemesha. Si heshima kwa bibi tu. Nilitaka kusifiwa tena. Nikanyoosha shingo, nikaisema sentensi yangu ya mbuzi, yote, bila kukosea hata mahali pamoja.

Mkubwa wa askari alikuwa ameshika tonge. Hakulitia mdomoni.

"Nani alikufundisha?"

"Mwalimu," nikasema.

Walimaliza kula, hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Waliramba vidole, wakamshukuru bibi kwa mlenda mtamu, wakawachukua mbuzi wote kumi na wawili. Wala hawakupata tabu kuwakamata.

Mwalimu walimchukua siku ileile, wakasema ni mpelelezi wa Mwingereza. Walimpitisha mbele ya tembe letu, kamba shingoni, amefungwa pamoja na wapagazi waliokamatwa ng'ambo ya kilima. Bibi, asiyejua lolote, alimwamkia, "Mbukwa, mwalimu." Naye akajibu "Mbukwa" kwa sauti yake ya siku zote, kama mtu anayekwenda kisimani. Mimi nilikuwa nyuma ya bibi, nimeziba uso na kanga yake. Walisema wamempeleka Tabora. Hakurudi.

Mkewe alibaki analima peke yake. Hakuwahi kuuliza ni nani aliyesema. Aliniita nimsaidie kuteka maji, akanipa ubuyu, nami niliula, rafiki yangu, niliula kila siku nikiwa sina ujasiri wa kumwambia. Alikufa. Bibi naye alikufa, hadi mwisho akisema kwamba askari wale walikosa adabu, kwa nini hawakumwachia hata mbuzi mmoja baada ya mtoto kuwasemea lugha ya kwao.

Halafu Mwingereza akashinda, akakaa bomani palepale. Kiingereza kilichomfunga mwalimu kikawapa watu kazi za ukarani na viatu vya ngozi. Mmoja wa wale sita alikuja kuwa mkalimani mkubwa, na alipokuwa akisifiwa alisema amejifunza mwenyewe. Pale penye shule pamelimwa karanga. Nilipita mwaka juzi, nikamuuliza mwenye shamba kama anajua palikuwa na nini. Akasema palikuwa na mawe tu.

Basi jana, kitukuu wangu alipozidi kutafuna kalamu, neno likanitoka. Nikamsemea kwa Kiingereza: mbuzi wa bibi ni rahisi kuwahesabu, ni vigumu kuwakamata. Matamshi yaleyale, hayajachakaa.

Mtoto akaacha mdomo wazi.

"He! Bibi! Kumbe unajua Kiingereza? Nani alikufundisha?"

Nikainamia ungo, nikaendelea kuchambua mlenda. Aliuliza mara mbili, akachoka, akarudi kwenye daftari lake. Nilinyamaza kabisa, rafiki yangu, sikutoa hata neno moja, sasa ambapo kunyamaza kwangu hakumwokoi mtu.