Kitanda cha Pili

Kwa miaka thelathini na moja Bi Nyoosha alitandika vitanda vya watu wengine, na mtu asikudanganye kwamba kazi hiyo haina elimu yake. Kitanda kinasema. Ukifika asubuhi na toroli lako la mashuka, ukautazama mto kabla hujagusa kitu, unajua kama waliolala hapo wamegombana, kama mmoja alikesha akiwaza, na kama yule bwana aliyejiandikisha peke yake alikuwa peke yake kweli. Jina la Bi Nyoosha alipewa na wenzake wa hotelini, kwa sababu hakuweza kuupita mkunjo bila kuunyoosha. Hata msibani aliwahi kuonekana akinyoosha vitambaa vya viti. Walimcheka, naye akacheka nao, huku mkono unaendelea.

Alipostaafu alibaki na nyumba ya vyumba viwili, magoti yanayolalamika kwenye ngazi, na binti mmoja aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali, mwaka wa tisa sasa. Binti hakuwa mtoto mbaya. Alipiga simu kila Jumapili na dawa za magoti hazikukosa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, haji. Kila mwaka alikuwa anakuja, na kila mwaka likazuka jambo. Mama mtu alikuwa akikitandika kitanda cha chumba cha pili, akikaa wiki mbili, akikitandua mashuka yafuliwe, kisha akikitandika upya.

Ndipo ikaja habari ya meli.

"Mama, mwaka huu nimeamua," binti alisema kwenye simu. "Siji nyumbani. Tunapanda meli ya watalii, mimi na wewe, siku kumi na moja, bandari sita. Umewahudumia watu maisha yako yote, sasa na wewe uhudumiwe."

Bi Nyoosha hakuisikia meli wala bandari. Alichosikia ni "mimi na wewe." Siku kumi na moja, chumba kimoja, katikati ya maji, hakuna wa kumkimbia mwenzake! Miezi mitatu mizima aliishi kwa maneno hayo. Alishonesha magauni mawili ya kitambaa kimoja, moja lake na moja la binti, kwa vipimo vya miaka tisa iliyopita, akaongeza inchi mbili kiunoni kwa busara ya mzazi.

Siku mbili kabla ya safari, simu ikalia. Kazini wamemnyima likizo. "Nenda tu, mama, nakuomba. Usipokwenda itanikaa rohoni." Mwingine angenuna. Bi Nyoosha alisema hamna neno, akajikaza kisabuni, akafunga sanduku na magauni yote mawili ndani.

Sasa meli yenyewe. Ilikuwa na ghorofa kumi na nne, na sidhani aliyeichora aliwahi kuipenda bahari. Kulikuwa na maduka, ukumbi wa kamari usio na dirisha hata moja, na bwawa la kuogelea, kana kwamba maji yaliyokuwa chini hayatoshi. Chakula kilipakuliwa tangu alfajiri mpaka usiku, na watu walikula kama waliotangaziwa kwamba kesho ni njaa. Siku ya kwanza abiria wote walipangwa mistari, wakavishwa majaketi ya kuokolea, wakafundishwa kupuliza filimbi. Dakika kumi baadaye kila mtu alikuwa amesahau na kurudi kwenye sahani yake. Unaweza kukaa humo siku tatu usiione bahari ila kwenye picha zilizotundikwa ukutani.

Lakini kilichomkereketa Bi Nyoosha hakikuwa hicho. Kila kitu humo kilikuwa viwiliviwili. Viti viwili barazani, glasi mbili, majoho mawili ya kuogea. Mpiga picha wa mlangoni alimkamata bega, akamweka sawa, kisha akachungulia nyuma yake akimtafuta mwenzake. Na chumbani vitanda vilikuwa viwili, vimetandikwa vizuri. Alivipima kwa jicho akaona pembe zimekunjwa sawasawa. Mtandikaji huyu anajua kazi, akasema moyoni.

Mtandikaji mwenyewe alibisha hodi jioni hiyo. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za pembeni, na kwa bahati waliongea lugha moja.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye mhudumu wa chumba chenu. Mko wawili?"

"Marahaba, baba. Tuko wawili," Bi Nyoosha akajibu, na neno likawa limetoka kabla hajalipima. "Binti yangu yuko juu huko, anatazama bahari."

Kwa nini aseme uongo? Kwa sababu aliwajua watu wa mashuka. Yeye na wenzake, kwenye stoo ya hotelini, waliwasema sana akina mama walioachwa peke yao vyumbani. Hawakuwasema kwa ubaya. Waliwahurumia, na huruma ya stoo ni mbaya kuliko matusi. Hakutaka kusemwa. Zaidi ya hapo, hakutaka binti yake asemwe. Aliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa yake.

Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda kunywa chai, alikivuruga kitanda cha pili. Alibonyeza mto katikati. Alivuta shuka upande wa miguu mpaka likaning'inia, kwa kuwa binti yake tangu mtoto hulala akipiga teke mashuka. Alilowesha taulo la pili, akatundika gauni la pili kitini. Akirudi, anakuta kitanda kimetandikwa, gauni limekunjwa, taulo limebadilishwa. Moyo unatulia mpaka kesho yake.

Mezani mambo yalikuwa magumu zaidi. Alipangiwa meza ya kumi na saba pamoja na dereva mstaafu wa malori na mkewe, kwa kuwa walielewana lugha. Mume alikula kimya. Mke alikuwa na moyo mwema na mdomo usiopumzika, na hao ndio wa kuogopwa.

"Mbona binti yako hatumwoni?"

"Bahari imemshika, dada. Tangu jana anatapika."

"Maskini! Mpelekee tangawizi. Mpelekee na ndimu. Ngoja, nitamfungia na mkate mkavu."

Kwa siku tatu Bi Nyoosha alipanda lifti na sahani ya mgonjwa asiyekuwepo, akaketi barazani kwenye moja ya vile viti viwili, akala mkate mkavu na ndimu. Wahenga wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema kitu juu ya mtu anayeficha uzima. Usiku alimwandikia binti, "Raha tupu, mwanangu," akizima taa anabaki akisikiliza pumzi zake mwenyewe. Upweke wa nyumbani alikuwa ameshauzoea, una majirani na redio. Huu wa katikati ya watu elfu tatu ulimwelemea.

Siku ya nne, mke wa dereva alimwambia mhudumu wa meza, kwa nia njema kabisa, kwamba kuna msichana ghorofa ya sita anatapika siku ya nne sasa na hakuna anayejali. Bi Nyoosha hakujua, na angejuaje, kwamba kwenye meli za namna ile neno "kutapika" ni sawa na kupiga yowe la moto. Ugonjwa wa tumbo ukiingia kwa watu wanaoshika vijiko vilevile, kesho wamelala mia. Mhudumu alimwambia mkubwa wake, na mkubwa wake akaiambia zahanati.

Asubuhi ya tano, mlango ukagongwa. Alikuwa muuguzi, amevaa barakoa na glavu, na orodha mkononi. Nyuma yake alisimama mtandikaji, ameitwa kutafsiri.

"Mama, anauliza mgonjwa yuko wapi."

Bi Nyoosha akatazama kitanda cha pili. Alikuwa amekivuruga robo saa tu iliyopita.

"Ametoka kidogo."

Muuguzi akapitisha kidole kwenye orodha yake, akauliza tena. Safari hii mtandikaji hakutafsiri. Alimuuliza muuguzi jambo, akajibiwa lilelile, akainamisha macho kwenye zulia.

"Anasemaje?"

"Anasema orodha yake ina mtu mmoja, mama."

Akaketi kwenye kitanda hichohicho. "Mwambie ni kweli. Hakuna anayetapika. Binti yangu alinyimwa likizo dakika za mwisho, na mimi nimedanganya. Mwambie ni mimi, asije akaandikiwa kosa mtoto."

Mtandikaji akasema. Muuguzi alivua barakoa, akashusha pumzi, akaongea kwa upole maneno mengi.

"Anasema hamna tatizo, mradi hakuna mgonjwa."

"Amesema zaidi ya hayo."

"Mama..."

"Baba, kazi yako nimeifanya miaka thelathini na moja. Najua mtu anapoficha shuka lenye doa. Niambie."

"Anasema si dakika za mwisho. Abiria akighairi safari, jina lake hubaki kwenye orodha, limepigwa mstari. Hapa hakuna jina jingine. Chumba hiki kilikatiwa mtu mmoja tangu mwanzo, miezi mitatu iliyopita. Ndiyo maana kililipiwa bei ya wawili, kwa kuwa anayekaa peke yake hulipia na kitanda cha pili."

Muuguzi aliaga akaenda zake. Mtandikaji akabaki, ingawa vyumba kumi na vinane vilikuwa vikimngoja mpaka saa sita.

"Na wewe ulijua?"

"Tangu asubuhi ya kwanza, mama. Mto ulibonyezwa na mkono. Kichwa hakibonyezi hivyo."

"Sasa mbona ukawa unakitandika?"

"Niliona mtu amehangaika kukivuruga. Si mimi wa kukiacha vile."

Bi Nyoosha akacheka, cheko fupi la mtu aliyekamatwa na fundi mwenziwe, na kicheko chenyewe kikageuka kilio katikati ya njia. Alilia kwa sauti, kama anavyolia mtu asiye na jirani wa kumsikia. Mtandikaji alifunga mlango, maana abiria akionekana anafanya kazi, mhudumu ndiye anayeandikiwa kosa, kisha akamsogezea upande mmoja wa shuka. Wakalivuta pamoja, wakakunja pembe, kila mmoja kwa namna yake.

Mchana huo meli ilitia nanga bandari ya tatu. Kabla ya kushuka, Bi Nyoosha alipita meza ya kumi na saba akasema ukweli wake akiwa amesimama.

"Binti yangu haumwi. Hakuja."

Mke wa dereva alikuwa na ndimu za mgonjwa mkononi, akaziweka mezani. Mumewe akaweka uma chini. "Sisi tiketi wametukatia watoto watatu," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyekuja kutuaga bandarini. Kaa ule, dada." Lakini hakukaa.

Alipata benchi nje ya lango la bandari, mahali simu ilipokamata mtandao wa kutosha kupiga. Binti alipokea kwa kunong'ona, alikuwa kazini.

"Mama! Mmefika wapi? Unafurahi?"

"Ulikata tiketi moja."

Upande wa pili ukasikika mlango ukifungwa, na sauti za watu zikapotea.

"Nani kakwambia?"

"Si hoja nani kaniambia."

"Mama, ningekwambia mapema usingekwenda."

"Nisingekwenda. Ningekaa nyumbani nikungoje."

"Ndiyo maana!" Binti hakunong'ona tena. "Ndiyo maana, mama. Kila Jumapili unaniambia umebadilisha shuka. Miaka tisa. Nikiamka najua kuna mtu ananingoja, nikilala najua ananingoja. Nikinunua kiatu naona ni nauli ya kuja kwako. Nilitaka siku kumi na moja tu uwe mahali ambapo huningoji. Nimechoka kungojwa, mama."

Bi Nyoosha alikuwa na majibu. Usidhani hakuwa nayo. Alikuwa na vidole vilivyochubuka kwa sabuni, ada zilizolipwa na vidole hivyo, usiku wa homa na hakuna gari. Kila jibu lilikuwa na makali yake, na yote yalikuwa ya kweli. Aliyageuza mdomoni moja baada ya jingine. Na katikati ya hasira akaona jambo asilolipenda: kwamba mtoto naye amesema kweli, na kwamba ukweli huo umekuwa ukimla mtoto huyo kwa miaka, kule mbali, peke yake.

"Umekula?" akauliza.

"Nini?"

"Mchana huu. Umekula?"

Binti alikuwa analia sasa. "Bado, mama."

"Kale, mwanangu."

Kwa miaka tisa simu zao zilikatwa na binti. Mama alikuwa akiaga, kisha anaibana simu sikioni, akingoja huenda kuna neno limesahaulika, mpaka asikie imekufa yenyewe. Siku hiyo, kwenye benchi lile, binti akiwa bado kwenye laini, alibonyeza mwenyewe akakata. Hakujua kama amefanya hivyo kwa upendo au kwa kisasi. Aliitia simu mkobani, akafunga zipu, akakaa akiitazama meli.