Mteja Asiyekuwa na Rangi

Sikulazimishi uniamini. Lakini njoo dukani kwangu Jericho, hapa Nairobi, wakati wowote, uniulize mbele ya deki zangu za video, na nitakueleza hivi hivi.

Kazi yangu ni kutoa picha kwenye kaseti za video za zamani na kuzitia kwenye simu. Siku hiyo Nekesa, binti wa jirani, aliniletea moja iliyofungwa kwa leso ya marehemu mama yake.

"Anti, hii ni ya baba, yule alituhepa nikiwa kwa tumbo. Mathe alitumiwa, akaijaribu kwa deki ya jirani mmoja, ikakataa. Sasa naolewa. Nataka tu kujua kama alituaga."

Nikaiweka. Picha ikawa mistari tupu, sauti ikaburuta kama ya mlevi. Nikasafisha deki, wapi! Nikamwambia imekufa. Akaondoka analia, akaiacha hapo hapo.

Jioni nikifunga duka, mwanamume akasimama mlangoni. Sikutanii: hakuwa na rangi. Uso, sweta, viganja, vyote kijivu, na mwili unachezacheza. Wewe ungekimbia? Mimi nilibaki na kufuli mkononi.

"Fuuundi," akaburuta, "haaaijafa. Niiilirekodi Amerikaaa."

Kumbe! Watu wa kule wana mfumo wao wa televisheni na sisi tuna wetu. Deki ya mfumo mmoja haisomi kaseti ya mwingine. Mimi nilikuwa nimeona leso, nikadhani ni kaseti ya hapa hapa. Nikatoa chini ya meza deki inayosoma mifumo yote, nikaiunganisha na mashine ya kubadilisha mfumo. Nilikuwa naogopa sana, lakini nikaitia kaseti.

Picha ilipotulia, naye akatulia. Haki ya Mungu, sweta lake liligeuka kijani nikiona! Na kwenye skrini alikuwa yeye, sweta lile lile, akifunga sanduku. "Krismasi nakuja nyumbani. Mtoto akizaliwa nikiwa njiani, mwambie baba anakuja."

Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Nekesa alipoiona alilia hadi akacheka. Wajomba wakaulizia Amerika, wakaambiwa baba alifia huko kabla ya kusafiri. Siku ya harusi jina lake, ambalo nyumba ile haikutaka kulisikia, lilitajwa kwa kipaza sauti, nami nikapiga vigelegele hadi koo likakauka.

Mpaka leo mteja akiingia namwangalia rangi kabla ya salamu. Na wewe mwenye kaseti ya marehemu chini ya kitanda, usiitupe kwa kuwa deki moja imeikataa. Uliza kwanza ilitoka wapi. Usipouliza, mwenyewe atakuja kukuambia.