Nguzo ya Tatu

Dada yangu ni seremala, na kwa ukaidi hana mpinzani. Kabla hajanunua mbao huigonga kwa mpini wa nyundo, hutega sikio, kisha husema nzima au mbovu. Kwa miaka thelathini hakukosea, na ole wako umbishie.

Mwaka huu aliijengea shule ya chekechea baraza yenye nguzo sita. Hata miezi mitatu haijaisha, kigong'ota akaing'ang'ania nguzo ya tatu. Ni ndege mdogo tu, mgongo wa madoadoa, kifua cha michirizi, utosi mwekundu. Alianzia chini, akapanda kwa kurukaruka huku mkia wake mgumu ukimshikilia. Aligonga, akatulia, akagonga tena. Wazazi wakaanza kunong'ona kwamba nguzo za fundi zina wadudu.

Dada alikuja juu. Alisema vigong'ota wamejaa kila bustani yenye miti, na wakati mwingine hugonga ili kutangaza kwamba eneo ni lao. Hilo kweli. Lakini nilimwambia kwamba anayetangaza hugonga mfululizo, kwa kasi. Huyu anadonoa na kusikiliza, na zile nguzo tano hazigusi. Akaniuliza tangu lini mshona nguo akajua mbao.

Kesho yake asubuhi alinipeleka shuleni makusudi aniumbue. Akaigonga nguzo, akatega sikio.

"Nzima," akasema.

Hata mimi wa cherehani nilisikia kwamba ndani ni tupu. Nikamwomba aigonge tena. Akaigonga, akarudia neno lilelile. Nilimwonea huruma. Alinitazama usoni, kisha akachukua keekee, akatoboa. Ukamwagika unga wa mbao, na nyuma yake funza mweupe, mnene.

"Wewe ulisikia?"

"Nilisikia, dada."

Hakulia. Aliegemeza paa kwa boriti, akaing'oa ile nguzo, akaenda mwenyewe kumweleza mwalimu mkuu. Jioni alikuja kwangu na karatasi aliyoandikia kazi zake zote za miaka miwili: ngazi ya zahanati, paa la jirani, kitanda cha mjukuu wake.

"Tutaanza na kitanda," alisema. "Mimi nitagonga. Wewe utasikiliza."