Kovu la Deka

Katika soko la mifugo la Kithimani, wauzaji humkimbia Qaali, mfugaji anayekuja kununua, kwa maswali yake. Huyu mbuzi alizaliwa wapi? Mbona anakohoa? Wakichoka kumjibu, yeye hushika sikio la mnyama na kujitazamia mwenyewe. Sikio lenye tundu, mbuzi amechanjwa. Lisilo na tundu, Qaali huyoo, anaondoka. Tabia hiyo ya kuuliza na kukagua alifunzwa na marehemu mama yake, na hajui kuiacha sokoni.

Ndiyo maana shule iliposema wasichana wa miaka kumi watachanjwa, alikataa. Binti yake Deka alikuwa na kovu mkononi tangu uchanga. Achanjwe tena kwa nini? Lakini Qaali hawezi kukataa jambo kabisa kabla hajalichungulia. Siku ya chanjo ilipofika alimshika Deka mkono, akaenda shuleni kumhoji muuguzi, Ndinda.

“Sista, huyu ako na alama. Alichanjwa kitambo.”

“Hiyo ni ya kifua kikuu, mama Deka. Alipewa akizaliwa. Surua iko na yake, polio iko na yake.”

Qaali akafikiri. “Kama mbuzi. Chanjo ya homa ya mapafu haizuii ugonjwa wa sotoka.”

“Hapo sasa.”

Alijicheka. Miaka yote hiyo amekuwa akimsoma mtoto wake kama sikio la mbuzi: alama moja, chanjo zote! Lakini hakuwa amemaliza.

“Na hii ya leo ni ya nini?”

“Saratani ya mlango wa kizazi.”

“Si hiyo ni ya wamama? Huyu ni mtoto.”

“Inaletwa na virusi, na virusi hivyo mtu huvipata akishaanza mambo ya wakubwa. Wewe huchanja mbuzi ugonjwa ukishaingia zizini?”

“Hapana. Kabla.” Akamsogeza Deka mbele. “Na hiyo saratani, mtu hujuaje iko?”

Ndinda alimjibu huku akipangusa mkono wa mtoto. Damu inatoka ovyo, hata kwa mama aliyekoma hedhi kwa umri. Kiuno kinauma. Mtu anakonda.

Qaali akamkumbuka mama yake. Alivuja damu hivyo hivyo, akifua nguo zake kwa kujificha na kusema ni uzee. Walimzika bila kujua kilichomuua. Alihuzunika, akajikasirikia pia, kwa kuwa yeye anayeuliza habari za kila mbuzi hakuwahi kumuuliza mama yake mzazi.

Deka alichomwa sindano, akakunja uso, yakaisha.

“Na mimi, sista? Nichanjwe?”

“Wewe umepita umri wa hii. Lakini kuna kipimo, pale kituo cha afya. Saratani ikipatikana mapema inatibika.” Ndinda akamtazama vizuri. “Kuna kitu unaona, mama?”

Qaali alitazama chini. “Damu. Tangu mwezi wa Ramadhani,” akasema kwa sauti ndogo.

Deka alirudi darasani. Mama yake aliogopa, lakini alishika njia ya kituo cha afya, akapimwe.