Mvua ya Kwenye Filamu za Kutisha

Watu wanaotengeneza filamu za kutisha hawajawahi kupitisha kiangazi Garissa. Nasema hivyo kwa sababu nimezitazama nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima mwenye kazi na watoto, na karibu zote huanza vile vile. Gari linafika kwenye nyumba kubwa iliyo peke yake msituni. Mawingu yanakuwa meusi, radi inapiga, mvua inamwagika madirishani, na vinanda vinaanza kunguruma chini chini. Hapo ndipo mtazamaji anatakiwa aanze kuogopa. Kwetu, mtaani Waberi, hapo ndipo watu waliposema Alhamdulillahi.

Tulizitazama mchana, wakati wa likizo, baada ya chakula na kabla ya duksi, kile chuo cha Kurani ambacho hakuna aliyethubutu kukikosa. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeleta sidii kutoka sokoni. Mapazia yalifungwa, feni ikazunguka kwa kulalamika, mama akaleta chai ya maziwa kwenye thermosi, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta akaja na mto wake mwenyewe kwa sababu hakuiamini mito yetu. Kaka alitafsiri kwa Kisomali. Muuaji akisema neno moja, kaka alisema sentensi tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa za kumsifu kaka.

Jirani alikuwa na ugomvi wa kudumu na filamu hizo. Kwanza, milango inayolia. Vyumba vyetu vilikuwa na mapazia milangoni, na pazia halina kelele, kwa hiyo mlango ukianza kukwaruza yeye aliuliza kwa nini watu wenye gari zuri namna ile wanakosa mafuta ya bawaba. Pili, chumba cha chini ya ardhi. Hakuna kati yetu aliyewahi kukiona. Kaka alieleza kwamba ni kama kaburi, ila wenyewe wanalipaka rangi na kuweka taa. "Basi wameyataka," jirani akasema, akajimiminia chai. Lakini kilichomchoma zaidi ni yule msichana ambaye, katika kila filamu, husikia kishindo kisha huenda peke yake kuangalia. Jirani alipiga magoti mbele ya televisheni na kumpigia kelele kama binti yake wa kumzaa. "Rudi! Wallahi utakufa! Soma Ayatul Kursi kwanza!" Msichana hakusikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wale walivunjika zaidi ya guu.

Adhana ya alasiri haikumngoja mtu. Hata kama kisu kilikuwa hewani, kaka alisimamisha filamu, na mama akaitupia televisheni shali yake ili tusiswali mbele ya sura ile. Tulipanga safu huku tukijua kwamba nyuma ya shali ya maua kuna zimwi limeachama mdomo. Tukimaliza, shali ilitolewa, na hofu ikabidi iwashwe upya kama jiko lililozimika. Ilikubali kuwaka kila mara. Saa kumi jua bado kali, nami nilikataa kwenda choo cha uani bila kushikwa mkono, na aliyenishika naye alitetemeka. Nilipenda kutetemeka kule. Siku hizi nazitazama kwenye simu, visikizio masikioni, watoto wamelala, na siogopi kitu. Nimekuja kuelewa kwamba hofu ile ilikuwa inatengenezwa na bega la mtu aliyekaa karibu nami, na nalikumbuka bega lile kuliko filamu yenyewe.

Mwaka wa ule ukame mrefu, baba alimleta Ayeeyo, mama yake mzazi, kutoka malishoni Buna. Ng'ombe walikuwa wameisha. Ngamia waliobaki waliuzwa wakiwa mifupa. Kilichosalia ni kundi dogo la mbuzi, lililoachwa huko mikononi mwa Adeer, mdogo wake baba. Ayeeyo alishuka kwenye lori akiwa na kifurushi kimoja, akakaa ukutani, na akasema neno ambalo sote tulilishika: "Mbuzi wakipona, narudi kwangu. Wakifa, sina pa kurudi." Kisha akanyamaza. Alikula kidogo, alivuta tasbihi, aliitazama feni kwa dharau. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na sikuwahi kuwa na nyanya ndani ya nyumba. Nilitaka abaki. Kila baada ya swala nilimwomba Mungu abaki, na pia aseme kitu.

Mchana mmoja kaka alileta filamu aliyokuwa akitutambia wiki nzima. Ayeeyo alikuwa ameipa televisheni mgongo. Gari likafika kwenye nyumba, vinanda vikaanza, radi ikapiga. Ayeeyo akageuka mzima mzima.

"Hii ni wapi?" akauliza.

"Ng'ambo, Ayeeyo," kaka akasema.

"Inanyesha sasa hivi?"

"Hapana. Ni filamu tu."

Akasogea kwa magoti hadi mbele, akakaa alipozoea kukaa jirani, na jirani, ambaye hakuwahi kumpisha mtu, akampisha. Mvua ilikuwa inapiga nyasi za mbele ya nyumba, nyasi ndefu, nzito, za kijani kibichi. Msichana alikuwa amekwisha kusikia kishindo chake na anashika kitasa. Hakuna aliyemwangalia. Sote tulikuwa tunatazama nyasi.

"Majani mpaka magotini," Ayeeyo akasema polepole, "na hakuna hata mbuzi mmoja. Watu hawa wamepatwa na nini?"

Kaka akaona nafasi yake. Akashusha sauti. "Kuna jini ndani ya nyumba, Ayeeyo."

"Basi ndiye aliyekula mifugo," akasema, bila kushtuka hata kidogo.

Nimesoma na kusikia maelezo mengi tangu wakati ule kuhusu kwa nini filamu za kutisha hututisha: giza, ukimya, kitu kisichoonekana. Sijapata yanayonitosha kama yale. Mahali penye majani na pasipo mnyama pana jambo baya. Ayeeyo alilijua hilo kabla ya vinanda.

Tangu siku ile alikuwa hadhira yetu. Alitaka kipande cha mvua tu, na baada ya mvua kipande hicho hicho tena. Akaanza kuzungumza. Alitueleza jinsi radi ya kweli inavyosikika ikiwa ng'ambo ya kilima, jinsi ardhi ya Buna inavyonuka tone la kwanza likianguka, jinsi wasichana wa rika lake walivyokimbia na vyombo vyote vya nyumba kukinga maji, hata vibuyu vilivyopasuka, wakicheka. Alituambia kwamba filamu zile zinadanganya, radi haipigi sekunde ile ile mwanga unapoonekana isipokuwa imekuja kukuchukua. Kaka, mtu wa damu na misumeno, akaanza kuchagua filamu kwa ajili ya mawingu. Nilikwenda naye sokoni siku moja. Muuza sidii alimtazama kama mgonjwa.

"Ya kuogobesha iko," akasema. "Ya mfua ndio sijui, walaal. Watu hawaulizi mfua."

Kisha, asubuhi moja ya Jumamosi, Adeer akapiga simu: Buna imenyesha usiku kucha. Baba aliitangaza habari hiyo kwa sauti kubwa, na jirani akapiga vigelegele juu ya ukuta. Ayeeyo hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye kifurushi chake, akakikung'uta, akaanza kufunga. Alimwomba mama sukari na majani ya chai ya kubeba. Alisema malori yakianza tu kupita, yeye yumo. Uso wake ulikuwa umerudia ujana, na mimi nikajikunyata kwenye kona nikimwonea uchungu mapema.

Simu ikalia tena. Safari hii baba alitoka nayo uani. Aliporudi hakumtazama mama yake. Alizungumza na mama kwa Kiswahili, na kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na ofisi, na ndani ya nyumba kilikuwa lugha ya kuwafichia wazee mambo.

"Mbuzi wamekufa," akasema. "Baridi. Walikuwa mifupa mitupu, mvua imewalaza, hawakuamka."

Mama akaweka chini kopo la sukari. Kaka akanitazama. Sisi wote tulijua, na Ayeeyo alikuwa anafunga fundo huku akimtajia mama majina ya watu atakaowapelekea salamu. Hiyo ndiyo hila kongwe kuliko zote za filamu za kutisha: aliyekaa chumbani anajua kilichoko nyuma ya mlango, na anayeushika mlango hajui. Kwenye filamu tulipiga kelele mpaka koo zikatuuma. Sasa hakuna aliyefungua mdomo. Hakukuwa na vinanda, jua lilikuwa linawaka dirishani, mtu alikuwa anauza maziwa barabarani. Jirani akaingia akiwa bado na furaha yake, mama akamnong'oneza, naye akakaa chini, akachukua shali ya Ayeeyo na kumsaidia kuikunja. Yeye aliyekuwa akiwaonya wasichana wa watu asiowajua, hakuweza kumwonya huyu.

Ayeeyo akasimamisha mikono.

"Mvua ilianza usiku au alfajiri?" akamuuliza baba.

"Usiku, Hooyo," baba akamjibu mama yake.

"Na upepo?"

"Ulikuwepo."

Akapiga hesabu ambayo hakuna kati yetu, watu wa bati na feni, aliyejua kuipiga. Alikuwa ameishi na mifugo tangu apate kutembea. Alijua kwamba ukame humchosha mnyama na mvua ya kwanza ndiyo inayommaliza, na nadhani alilijua tangu simu ya kwanza, ila alikuwa amejipa asubuhi moja.

"Wote?" akauliza.

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ngamia wa watu watakunywa."

Akafungua fundo. Akamrudishia mama sukari, akamrudishia majani ya chai, akamshukuru. Kisha akaniita mimi, akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza miezi yote aliyokaa nasi: ni sehemu gani ya nyumba hii iliyo yake. Nilimwonyesha kando ya kitanda changu. Nilikuwa nimeliomba jambo hilo baada ya kila swala, na sikuweza kumtazama usoni.