Ukoka Uliomwagiwa Maji ya Feri

Ni mwaka ule tuliokula kabeji mpaka tukaichukia. Vuli haikunyesha ya maana, mchicha ukaadimika Kariakoo, na ukiupata umelegea kama mtu aliyetoka homa. Kwangu Mchikichini kabeji haikuingia. Uani nilikuwa na tuta la matembele, nachuma, natia nazi, nakula. Na chini ya dirisha langu nina ukoka nilioupanda mwenyewe, mzito, ukiukalia kama umekalia godoro.

Mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pekee, akaja na akili yake. Anataka uani pawe pa kukodisha, mabibi harusi waje wapigie picha. Kiangazi hicho, jua linakaanga bati, akang'oa matembele yangu nikiwa sokoni, akatandika nyasi za kununua, zile zinazokuja zimekunjwa kama mkeka.

Nikamwambia, "Binti, nyasi zinapandwa masika yakianza. Ardhi ikilowa ndiyo mzizi unashika. Kiangazi unazika maiti."

"Mama naye! Hayo ya shamba. Hapa Bongo mambo fasta."

"Basi usizikate. Jua kali nyasi ziache ndefu, zijifunike miguu."

Akazikata kipara siku ileile, zitoke vizuri kwenye simu. Zikaanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Sasa mimi ukoka wangu naunywesha maji niliyooshea samaki. Nanunua Feri, soko la samaki la pwani, naosha nyumbani kwa maji ya bomba, yale yenye damu na magamba nayaacha yalale, kesho yake jua likipoa namwaga. Samadi ya kuku pia natia, lakini iliyokaa ikapoa. Ikiwa mbichi inaunguza hata mpera. Mwanamke yeyote wa uswahilini anayajua haya. Mkamwana alikuwa ananiona, anaziba pua. Hakuuliza. Akajiona kaiba siri, akaagiza bajaji imletee ndoo kwa ndoo kutoka Feri, maji wanayooshea samaki kulekule. Na kule wanaosha kwa maji ya bahari.

Alipomwaga nilichovya kidole nikalamba. Chumvi tupu. Nikajifuta kwenye kanga, nikarudi kwenye kahawa yangu. Watasema nina roho mbaya. Waseme. Nilishasema mara mbili nikaitwa wa shamba. Ya tatu ningesema ili niitwe nani?

Nyasi zikakauka mpaka ukikanyaga zinalia kama kaukau za viazi. Mpangaji wangu wa chumba cha mbele, mama wa Kimtwara anayeuza mitumba, akachungulia akauliza, "Bibi, hapa mmeanika dagaa?" Nilicheka mpaka meno yakataka kutoka. Mkamwana alikuwa amesimama palepale na ndoo yake.

Bibi harusi wake wa kwanza alikuwa anakuja Jumamosi. Mjini kote kashatangaza. Huyo akikuta uani pana upara, hatakuja wa pili, na biashara imekufa kabla haijazaliwa. Alhamisi akaja chumbani kwangu, kajitanda mtandio, kapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo una adabu, nani kafa?"

"Mama, nakuomba ukoka wa dirishani. Nikate vipande tu, nizibe pale mbele. Nikiaibika Jumamosi ndiyo basi tena, hakuna atakayenikodi."

Nikamwangalia. Kucha za kubandika, ndefu, na mchanga umejaa chini yake. Kumbe mchanga anaujua.

"Ukoka wangu hautoki," nikamwambia. "Umeutia wako chumvi, basi ule."

Alitoka analia, na mlango hakuufunga. Sikumwita aurudishe.

Mwanangu alirudi kazini, hata viatu hajavua, akasimama kizingitini. Huyu nimemlea kwa mgongo huu. Alivyokuwa ameinamisha kichwa nikajua katumwa.

"Mama, sasa naomba mimi. Kalia mpaka macho yamevimba."

"Ayaoshe."

"Mama, vipande vichache tu. Masika yakija unaota tena, wewe mwenyewe ndiye unayesema."

"Nasema, ndiyo. Mbona mkeo hakusikia?"

"Basi nifanyie mimi. Mimi mwanao."

Nikainuka, nikafungua dirisha ili na yule aliyejibanza nje asikie vizuri.

"Ukoka wangu hautoki. Umeutia wako chumvi, basi ule."