Sauti ya Dakika Sita

Kura zilikuwa zinahesabiwa shuleni, mitaa minne kutoka kwake, na Mama Koki alikuwa amekaa kwenye kigoda katika chumba chake cha kupigia pasi, mgongo ameuegemeza kwenye rundo la shuka za nyumba ya wageni. Pasi ilikuwa baridi. Simu alikuwa ameilaza kifudifudi mezani na kuifunika kwa foronya, kama mtu anayefunika kasuku ili anyamaze. Haikunyamaza.

Hakuwa anangoja ushindi. Ushindi alikuwa amekwisha kuuzika siku tisa zilizopita. Alichokuwa anaomba ni kura za kutosha kuonyesha kwamba mwanawe bado ana mahali kwenye kata hii. Mia tatu. Hata mia mbili. Maana mwanawe alikuwa fundi bomba, na fundi bomba hana duka wala ofisi. Kazi yake imo ndani ya nyumba za watu, chini ya masinki yao na nyuma ya vyoo vyao. Watu wakimchukia hana pa kushikia spana.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, amesoma mpaka darasa la saba, na tangu ujana wake alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu. Mtu akiingia mlangoni kwake alimwangalia kwanza viatu, halafu mikono, halafu ndipo uso. Kwa hiyo miezi mitatu nyuma, walipokuja watu wanane wakiongozwa na Seremala, jirani wa pale kona, alijua kabla hawajakaa kwamba wamekuja kuomba jambo kubwa. Wote walikuwa wamepiga viatu rangi.

"Mama Koki, tumekuja kuposa," alisema Seremala, mtu mwenye sauti kuliko msumeno wake.

"Mbona mimi binti sina?"

"Tunamposa huyo huyo dume. Tunamtaka awe diwani wetu."

Koki alikuwa anakunywa chai. Alicheka mpaka ikampalia. "Mimi? Hotuba yangu ndefu kuliko zote ni 'fungeni maji huko nje'."

"Ndiyo hiyo hiyo tunayoitaka! Tumechoka na watu wa maneno."

Mama hakucheka. "Na mambo ya simu je?" aliuliza. "Yule mwenzake mbona yumo kwenye simu asubuhi, mchana na usiku?"

Mwenzake huyo, aliyekuwa naye anawania udiwani, alikuwa kijana mmoja mwenye miwani myeusi ambaye mtaa mzima ulimwita Laivu, kwa sababu hakukuwa na jambo alilolifanya bila kujirusha mubashara. Akila, unamwona. Akinyolewa, unamwona.

"Mama, simu inazibua mtaro?" alijibu Seremala. "Laivu ana wafuasi elfu kumi na mbili, nusu yao hii kata yetu hawaijui hata iko wapi. Watampigia kura wakiwa kwao? Koki ameingia kila nyumba hapa. Mtu aliyekuzibulia choo utamsahau?"

Wakacheka wote. Koki akainua simu yake iliyopasuka kioo. "Mimi humu najua kitufe kimoja tu, hiki cha kuongea."

Na ni kweli. Mwandiko wake ulikuwa mbovu tangu utoto, mwenyewe akiandika hajisomi. Kwa hiyo kila jioni akitoka kazini alibonyeza kitufe hicho na kumtumia mama yake sauti, akimsimulia siku nzima: nyumba fulani koki imekatika, fulani anataka tangi kesho, fulani aletewe mpira wa inchi mbili. Mama aliisikiliza akiwa na daftari, akaandika yale ya kazi, na asubuhi akamsomea. Ndivyo walivyofanya kwa miaka kumi na moja. Koki alikuwa hapendi kubonyeza mara mbili. Akianza haachii mpaka siku yote iishe, na mara nyingine sauti moja ilifika dakika saba, nane.

Humo ndani kulikuwa na siri za watu pia. Kuna nyumba zilizokuwa zimeunganisha bomba kabla ya mita, maji yanapita bila kulipiwa. Koki hakuwaungia yeye, wala hakuwachongea. Aliyaona, akayataja kwa mama yake kama mtu anayetua mzigo, basi. Hayo mama hakuyaandika daftarini.

Kampeni ilipoanza, likafunguliwa kundi la kata kwenye simu, watu karibu mia tisa. Koki alikataa kuingia. "Nikiwa mtaroni simu inalia kama mbuzi, nitafanya kazi saa ngapi?" Seremala, ambaye miezi miwili nyuma alisema simu haina maana, sasa alianza kuhangaika. Siku moja akaichukua simu ya mama, akatoa picha yake, akaweka ya Koki, na jina akaandika Koki Diwani Wetu.

"Sasa yumo," alisema. "Wewe uwe unaitikia tu salamu, mama yangu. Waone mgombea yupo."

Basi mama akawa anaitikia salamu. Asubuhi njema nanyi. Asanteni. Tupo pamoja. Aliandika polepole, midomo ikicheza, kidole kimoja kikitafuta herufi kama kinachambua mchele. Na kila siku aliyaona yale waliyoyaandika watu wa Laivu.

"Mgombea wenu yuko wapi? Chini ya sinki?"

"Hata picha ya kazi hana. Tuonyesheni alichofanya, hata kimoja."

"Mwacheni jamani, bado anatafuta pa kuchajia."

Mama Pacha, msusi wa nyumba ya nne, shoga yake wa miaka mingi, alijaribu kumtetea. "Huyo mnayemcheka ndiye aliyenitengenezea bafu saa nane za usiku," aliandika. Wakamjibu kwa picha ya choo. Hakuandika tena.

"Koki, wanakucheka," mama alimwambia.

"Waache, mama. Wanaonijua wananijua."

Lakini mama hakuweza kuacha. Alilala nayo na kuamka nayo. Picha watazitoa wapi? Nani anajipiga picha akiwa ndani ya shimo na mvua inanyesha? Hapo ndipo alipokumbuka ile sauti ya msimu wa mvua, siku bomba kubwa la mbele ya zahanati lilipopasuka na Koki akakesha kwenye tope mpaka kulipokucha. Akaitafuta, akaipata, akaiweka sikioni.

"Mama, nimemaliza," Koki alikuwa akihema. "Tope mpaka kiunoni, meno yanagongana. Lakini wodi ya wazazi haikuguswa hata na tone. Kuna mmoja amejifungua humo ndani wakati mimi nimeishikilia valvu kwa mikono miwili. Nimemsikia mtoto akilia, mama. Nikajikuta na mimi nalia, kwenye tope peke yangu kama mwehu."

Dakika mbili tu za kusikiliza, machozi yakamtoka. Hakuendelea. Akaituma kundini.

Kwa mara ya kwanza watu wa Laivu walinyamaza. Yakaanza kuja makopa, mikono ya makofi, "Huyu ndiye!" na "Diwani wa watu!" Mama akaacha simu dirishani, akarudi kwenye beseni lake akifua huku anaimba. Alikuwa anakamua shuka ya pili alipokumbuka kwamba ile sauti ilikuwa na dakika sita.

Akafuta mikono kwenye kanga. Akasikiliza iliyobaki akiwa amesimama.

"Haya, tukija kwenye kazi," Koki aliendelea, sasa ametulia. "Nimepita kwa Mama Pacha, ile laini yake ya wizi imelegea, inavuja ukutani. Nimemwambia aikaze kabla jamaa wa idara ya maji hawajaiona. Na kule kwa mwenye mashine ya kusaga vilevile. Zile nyumba sita za mkabala ndiyo usiseme, zote zimeruka mita, mpaka nacheka. Mtaa huu mama, anayelipa maji ni wewe na zahanati."

Akaibonyeza ile sauti kama alivyofundishwa, simu ikamuuliza: ifutwe kwake tu, au ifutwe kwa wote? Akawaza upesi. Ya kwake ana haki nayo, lakini ataingiaje kwenye simu za watu na kufuta vitu vyao bila ruhusa? Tena si wataona kwamba kuna mtu kafanya jambo? Akachagua kwake. Sauti ikatoweka mbele ya macho yake. Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, akarudi kufua.

Kesho yake jioni alikuwa anaanua shuka kambani alipomsikia mwanawe anaongea barabarani. Aligeuka na kibanio mdomoni. Lilikuwa gari la Laivu lenye spika mbili, linatembea polepole. Tope na mtoto mchanga walikuwa wamekatwa. Kilichobaki kilianzia kwa Mama Pacha, na kilipofika "mpaka nacheka" kilirudiwa mara tatu.

Siku mbili baadaye watu wa idara ya maji walikuja na koleo na karatasi za faini. Wakakagua mtaa mzima, na nyumba ishirini na tatu zikakatiwa maji. Mama Pacha aliuza mashine yake ya kukaushia nywele, na bado haikutosha. Watu walimwandikia Laivu kuomba msaada, naye akajirusha mubashara akiwa kwenye kiti cha gari, akasema amewasikia, akaweka na wimbo.

Kamati, wale wanane waliokuja kuposa, iliitana kwenye karakana ya Seremala, wakasimama kwenye vumbi la mbao bila hata mmoja kukaa.

"Nataka kujua nani aliituma," alisema Seremala, na macho yake yakaenda kwa mama.

Mama akafungua mdomo.

"Mimi," alisema Koki. "Nilichukua simu ya mama, nikaituma mwenyewe. Nilitaka kuonyesha kazi."

"Hukusikiliza kwanza, ndugu yangu?"

"Simu siijui. Si nilikwambia?"

Mwenye mashine ya kusaga, naye mwanakamati, alitema mate kwenye vumbi. "Mtu hata simu yake haijui, tungempa kata?" Akatoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Seremala alibaki anapapasa ubao ambao tayari ulikuwa laini.

Njiani mama alimshika mwanawe mkono. "Kwa nini umesema vile?"

"Wewe ndiye unayeshinda na hawa wanawake, mama. Mimi ni wa kupita tu."

Hiyo ilikuwa siku tisa kabla ya usiku ule wa pasi baridi. Kuelekea saa saba, foronya ikatetemeka mfululizo, na nje vuvuzela zikaanza. Mama aliifunua simu. Laivu, elfu moja mia tisa na nne. Koki, thelathini na saba.

Alianza kuhesabu. Yeye, Seremala, mke wa Seremala, wakunga wa zahanati. Hesabu ikakwama hapo.

Koki aliingia akiwa na mkoba wa vifaa begani, kana kwamba anatoka kazini. Akanywa maji kwa kikombe cha bati, akakisuuza, akakirudisha mahali pake.

"Nimeziona," mama alisema.

"Thelathini na saba si haba. Basi dogo linajaa."

"Usinifanyie mzaha, mwanangu."

Koki akakaa sakafuni, akavua viatu. "Kuna jamaa anajenga ghorofa mbali huko, anataka mafundi. Nimemwambia nakuja. Gari ni saa nne asubuhi."

"Kesho?"

"Siku tisa sijaitwa popote, mama. Jana nimeona maji yanamwagika uani kwa watu, nikasema nisaidie bure. Wakaniambia bora yamwagike." Akawa anakwangua tope lililokauka kwenye soli. "Wangeniita hata nyumba moja ningebaki. Moja tu."

Mama hakulala. Saa kumi na mbili alioga, akavaa kanga safi, akaenda nyumba ya nne. Ndani redio ilikuwa inasoma matokeo, na alisikia sufuria ikiburutwa, na mmoja wa wale mapacha akiulizia soksi. Akapiga hodi. Redio ikazimwa.

"Mama Pacha, ni mimi."

Akapiga hodi tena.

"Shoga yangu, najua upo, nimekusikia. Sikuombi unisamehe. Nimekuja kukwambia si Koki aliyeituma. Ni mimi. Simu ilikuwa kwangu wakati wote, hata zile salamu za asubuhi zilikuwa zangu. Nilitaka watu wasikie ya zahanati, nikasahau kuna ya mbele. Nikafuta, kumbe nimefuta kwangu tu. Mtoto amejitwisha kwa ajili yangu."

Nyayo zikasogea ndani, taratibu, mpaka nyuma ya mbao. Mama aliona kivuli cha miguu miwili kwenye uwazi wa chini, na ncha ya ndala ya plastiki.

"Saa nne anaondoka. Mwite tu aje akuwekee mita vizuri, na mpira nitanunua mimi. Umwite tu asikie ameitwa. Mama Pacha. Mimi na wewe tumetoka mbali."

Mtoto akauliza kwa ndani, "Mama, ni nani?"

"Hakuna mtu," alisema Mama Pacha. "Vaa viatu."

Kivuli kilisimama pale kidogo. Halafu kitasa kikazungushwa, mara moja na mara ya pili, upande wa kufunga.